Kuwekewa vyuma mgongoni: maswali na majibu

Daktari kasema niunganishwe pingili. Ndiyo nini?

Kati ya pingili na pingili ya mgongo kuna diski, kitu laini kinachouwezesha mgongo kupinda. Pingili ikilegea au ikiteleza, inaweza kubana mishipa ya fahamu. Daktari hufunga pingili mbili au zaidi ili ziote kuwa mfupa mmoja. Mtaani tunasema "kawekewa vyuma", lakini vyuma na skrubu ni kama mirunda chini ya zege: kazi yake kushikilia tu (ila hivi kwa kawaida huachwa humohumo). Kinachounga ni mfupa, mara nyingi uliochotwa nyongani mwako mwenyewe, na huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka, hadi ushikane. Mvutaji sigara huambiwa aache kwa sababu nikotini huchelewesha mfupa kuunga.

Kila mwenye maumivu ya kiuno afanyiwe?

Hasha! Mpagazi wa Kariakoo au dereva wa bajaji aliyeshikwa kiuno, mara nyingi hupona ndani ya wiki chache kwa dawa za maumivu, mazoezi ya fizio na kuendelea kutembea. Kulala kitandani wiki nzima humkaza zaidi. Hata diski ikitokeza na kubana mshipa, mara nyingi hutosha kuondoa kile kipande tu, bila kuunga chochote. Kuunganisha kunafaa zaidi pingili zikishapoteza uimara: zimevunjika kwenye ajali ya bodaboda, zimeteleza, zimepinda na zinazidi kupinda, au zimeliwa na kifua kikuu cha mgongo (hapo dawa za TB ziko palepale). Kama sababu pekee uliyopewa ni "mgongo unauma", mimi ningetafuta daktari wa pili.

Nitainama tena?

Utainama, maana kuinama kwingi hutoka nyongani. Sehemu iliyounganishwa ndiyo haitapinda tena, na pingili za jirani zitabeba mzigo zaidi. Baada ya miaka zinaweza kuchakaa. Ndoo ya maji ya lita 20 isubiri ruhusa ya daktari.

Kwa Dar niende wapi?

Upasuaji wa mgongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Upanga. Nenda na picha zako zote, hata za zamani.

Lini nisingoje siku ya kliniki?

Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila wewe kujua, ganzi ikikushika sehemu za siri na makalioni, au miguu ikilegea ghafla: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.