Mzazi, honazi haijalipa ada

Hapana, mzazi. Mwanao kupokelewa kwenye programu ya honazi Marekani, yaani masomo mazito zaidi kwa wanafunzi wachache waliochaguliwa ndani ya chuo, hakumaanishi kwamba ada imeshalipwa. Naandika hadharani kwa sababu nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuna mtu hapa Tabora ananiletea barua ya udahili huku pilau imeshaagizwa.

Vyuo vingine huambatanisha honazi na fedha, vingine havitoi hata senti. Barrett, chuo cha honazi cha Arizona State University, hutoza ada yake juu ya ada ya kawaida. Barua ya fedha ni nyingine. Isome hiyo kwanza.

Linaloniudhi zaidi ni wanaodhani honazi ni daraja la kwanza la kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 4.4 kwenda juu katika 5, daraja la kwanza ni lako, hata kama ni madesa yaliyokufikisha. Honazi ya Marekani unaanza kuisotea mapema, mara nyingi mwaka wa kwanza, katika semina ya watu wachache, na unatakiwa useme. Useme! Kijana wetu mwenye divisheni wani ya pointi tatu, kichwa kweli kweli, amekaa darasani miaka 13 akijua kwamba adabu ni kunyamaza mwalimu akiongea. Kule akinyamaza wanajua hakusoma. Huwa nawaomba wanafunzi wangu wanibishie. Wananiangalia kama nina homa. Mmoja aliwahi kujibu, "Shikamoo mwalimu, sina swali."

Halafu kuna tasnifu. Barrett huwezi kumaliza bila tasnifu au mradi wa ubunifu. Chuo cha Swarthmore, hukohuko Marekani, ni balaa zaidi: tangu 1922, enzi za rais wake Frank Aydelotte aliyekuwa ameonja masomo ya Oxford, watahini hutoka nje ya chuo na kukuhoji ana kwa ana. Mwalimu wako hawezi kukubeba. Desa hapo halifui dafu.

GPA ya kule huishia 4, si 5, tafadhali. Programu nyingi hutaka usishuke chini ya 3.3 au 3.5 hivi, ukishuka unatoka honazi, chuoni unabaki. Bweni la wanahonazi na kujiandikisha kozi mapema ni raha ndogondogo tu.

Inafaa? Kwa anayetaka utafiti, ndiyo: msimamizi wa tasnifu humwandikia barua ya mapendekezo yenye nyama. Kwa mtoto wa uhandisi ambaye ratiba imejaa maabara, huwa nasita. Wala sioni haki sana walimu bora wakitengewa wachache huku wenzao wakijazana ukumbini. Nikisema hivyo baadhi ya walimu wenzangu huninunia.

Kabla ya kukubali, iandikie ofisi ya honazi: je, nikijitoa mwaka wa pili, ufadhili wangu unaguswa? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, uliza tena, na jibu litakalokuja lichapishe ulitunze.