Utengamao wa kikazi ni nini, na mtu huvutwa na nini kuusomea

Neno lenyewe limetoka kwenye kutengamaa: hali iliyochafuka ikatulia, mgonjwa aliyezidiwa akakaa sawa. Huku Tanzania watu wa afya wamelifanya jina la huduma zote za kumrudisha mtu kwenye maisha yake baada ya ajali au maradhi, kuanzia mazoezi ya viungo hadi mguu wa bandia. Utengamao wa kikazi ni tawi lake moja. Hauishii kuuliza kama mtu amepona. Unauliza: atarudi kazini vipi? Na ile ya zamani ikimshinda, ipi anaiweza?

Vita na viwanda ndivyo vilivyolifanya swali hilo liandikiwe sheria. Marekani ilitunga ya askari waliojeruhiwa mwaka 1918, na miaka miwili baadaye ikaja ya raia. Mwaka 1983 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 159 kuhusu jambo hili hili. Kwetu, utengamao umo kwenye mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Lakini watu wetu wengi hawana mwajiri. Wako barazani, sokoni, juu ya pikipiki.

Basi tukae barazani. Fundi cherehani kapata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Hospitali wamemsimamisha, anatembea na mkongojo, ameruhusiwa. Kwa daktari habari imeisha. Kwa mtaalamu wa utengamao wa kikazi ndiyo kwanza inaanza, na inaanza kwa kukaa kwenye kigoda na kuangalia. Pedali, mguu wa kushoto peke yake unaimudu. Ila cherehani ya miguu huanzishwa kwa kuzungusha lile gurudumu la pembeni, nalo liko kulia. Mkono mzima ukienda huko, kitambaa kinabaki bila wa kukiongoza. Mota ndogo ya umeme inaondoa shida hiyo. Halafu mkasi. Mkasi wa kawaida umetengenezewa mkono wa kulia. Ukiushika kwa kushoto makali yanaachana, kitambaa kinajikunja katikati badala ya kukatika. Kwa hiyo atafutiwe mkasi wa mashoto, au kazi ya kukata apewe mwanafunzi wake. Kisha kuna jambo ambalo halionekani kwa macho: kiharusi kinacholegeza upande wa kulia wa mwili mara nyingi hugusa na lugha, kwa sababu upande wa ubongo ulioumia ndio wenye kushika maneno kwa watu wengi. Anaweza kushona pindo zuri kabisa, akashindwa kumwambia mteja bei, au akachanganya vipimo vya kiuno na nyonga.

Kazi hii ndiyo hiyo. Sasa, ukimuuliza kijana anayeomba kuisomea kwa nini anaitaka, jibu huwa moja: napenda kusaidia watu. Si baya, ila halimtofautishi na anayeomba uuguzi au ualimu. Tena huruma peke yake huchoka mapema, na mgonjwa huinusa. Hakuna fundi anayependa kuonewa imani mbele ya wateja wake.

Wengine huletwa na jambo la nyumbani: kaka aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, baba aliyeachishwa kazi kiwandani. Hao wana moto wa kweli, na mimi ningewapokea kwa mikono miwili, mradi wasimwone kaka yao katika kila mgonjwa.

Ila kwa maoni yangu anayedumu ni mdadisi wa kazi za watu. Yule akipita gereji anasimama kutazama, anauliza mama ntilie anainuaje sufuria la wali peke yake. Bila udadisi huo unaishia kumpa kila mtu dawa moja, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi: mwenye ulemavu apelekwe ushonaji, useremala au utengenezaji wa viatu, hata kama alikuwa karani. Subira nayo inahitajika, maana matunda huja baada ya miezi, na pengine ni mtu kuweza kufanya kazi saa tatu kwa siku, basi.

Na uwe tayari kushtushwa. Umeshapata mota, mkasi umeagiza, halafu fundi anakwambia cherehani hataki tena kuiona. Miaka yote alitamani kuuza vitambaa. Unafunga daftari la vipimo, mnaanza kuzungumza bei ya jora.