Kwa mzazi mwenye mtoto aliyepata ziro

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi huja ofisini kwetu, kwenye chuo cha ufundi hapa Tanga, na kijana aliyeinamisha kichwa. Mzazi huanza kwa kujitetea: "Mwalimu, huyu kapata ziro, lakini si mjinga." Nami huwa namwamini kabla sijamwuliza kijana lolote.

Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika sekondari wakakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Aliyeshindwa kueleza umeme kwa lugha hiyo si lazima awe haujui umeme. Kuna kijana mwenye F ya hisabati nilimkuta kwenye uashi akinyoosha kona ya msingi. Alipima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha akasogeza kamba mpaka mshazari ukasoma futi 5. Nikamwambia hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras, ile ile iliyomwangusha kwenye karatasi. Alinitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kazi ipi inalipa? Naanza na uchomeleaji, kwa kuwa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Mafuta yale yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba hupashwa moto njiani. Kazi ya namna hiyo hapewi kila anayejua kuunda geti. Kwenye mtihani wake, welda hufungiwa bomba kwa mshazari wa nyuzi 45, wala haruhusiwi kuligeuza. Analizunguka yeye, anachomelea juu, ubavuni, hadi chini kabisa, cheche zikimdondokea. Kisha kiungo hupigwa eksirei. Vitundu vya hewa vikizidi kiwango, ameanguka. Akifaulu, malipo yake hayalingani hata kidogo na ya fundi wa madirisha, na hakuna atakayemwuliza alipata divisheni gani.

Umeme wa viwandani nao una soko, saruji ikiwa inatengenezwa hapo Pongwe. Ila mjue kwamba kufunga umeme kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa hiyo cheti hakikwepeki. Ufundi wa majokofu na viyoyozi msiudharau: hoteli, hospitali na wenye samaki wote wanamhitaji fundi huyo, tena kwa haraka.

Linaloniuma zaidi ni fundi wa mtaani, aliyejifunzia gereji ya Ngamiani, ana miaka 15 kazini, lakini bado ni kibarua kwa kukosa karatasi tu. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa vitendo na kwa maswali, akafundishwa pale penye upungufu, kisha akapewa cheti. Harudishwi kuanza upya kama mwanafunzi mgeni. Tafadhali waambieni, maana wengi hawajawahi kusikia habari hii.

Na kabla hamjalipa ada kwenye chuo chochote, ulizeni usajili wake NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi. Nimeona wazazi waliouza mbuzi kwa ajili ya cheti ambacho hakuna mwajiri anayekitambua.

Mkija na kijana wenu, njooni asubuhi, karakana zikiwa kazini. Msimchagulie fani mkiwa bado mlangoni. Mwacheni azunguke, mwangalie anasimama wapi kwa muda mrefu, halafu tukae tuzungumze.