Je, wajua kwa nini kuna mnara wa Majimaji Nandete?

Ukitaja Majimaji, vita vya kupinga utawala wa Wajerumani, wengi akili inakwenda Songea: makumbusho, sanamu, na kumbukumbu ya kila 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni. Hiyo ni sura ya baadaye. Vita vilianzia Nandete, kijiji cha Wamatumbi wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi, na mnara wake upo huko. Wasafiri wa Dar na Lindi wanaupita kila siku bila habari, maana hauko kando ya lami. Unachepuka Tingi, unashika njia ya Kipatimu, halafu ni milima.

Kwa nini Nandete? Jibu ni pamba. Kuanzia 1902 Wajerumani waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja, jumbe na akida, yaani viongozi wa wenyeji waliowatumikia, wakisimamia. Ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba wapo walioukataa. Wakati huo, kule Ngarambe, mganga Kinjekitile Ngwale aligawa maji ya dawa, yaliyoaminika kuzuia risasi, na kuwataka watu wangoje amri yake ya kuanza vita.

Wamatumbi wakachoka kungoja. Julai 1905 wakaingia shamba la pamba la Nandete, na Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakang'oa miche ya kwanza. Miche michache tu. Anayedhani zilikuwa hasira za wakulima hajaelewa: walitaka kumchokoza Mjerumani, na kwao kung'oa pamba yake kulikuwa ndiko kutangaza vita. Na alichokozeka kweli. Mwisho wa mwezi huohuo wapiganaji wa Majimaji wakaishambulia Samanga, kule pwani, na kuharibu pamba yake. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita vilishamtoka mikononi. Vikasambaa kusini hadi 1907.

Songea inajulikana zaidi kwa sababu ni mji, makao makuu ya mkoa, na ina kaburi la pamoja la walionyongwa. Mimi naongeza sababu nyingine: barabara. Mwalimu wa Dar anayetaka kupeleka wanafunzi Nandete afikirie kwanza gari, tena asiende masika.

Ukifika, ulizia pia mapango ya Nang'oma, na Kibata iliyo jirani. Boma la Kibata lilipiganiwa tena Desemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, safari hii Wajerumani dhidi ya jeshi la Uingereza lenye askari wa Kihindi na wengine kutoka Ghana ya leo.