Majani tu? Haya, njoo uyachane

"Kwani si majani tu, wifi? Mbona porini yamejaa?"

Nimelijibu hili kwa mdomo mpaka koo limenikauka. Sasa naliandika, ili atakayeuliza tena nimpe asome, nami niendelee kusuka.

Ombi halibadiliki, hubadilika muombaji. Leo shoga, kesho mkaza mjomba, keshokutwa binamu wa mume aliyeko Maskati, ambaye hatujasemezana tangu harusi yetu. Wote wanataka mkeka wa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu, tena wa rangi, na hoja yao ni moja: kitu kilichotokana na jani la bure kitakuwaje na bei? Ukitaja bei unaambiwa mikeka ya plastiki imejaa sokoni Darajani kwa bei ya kutupa. Kweli imejaa. Si uende ukanunue.

Tuanze na hayo majani, tuyamalize haraka. Anayesema porini yamejaa hajaingia kukata. Halikatwi jani lolote tu, hukatwa kilele kichanga ambacho hakijachanua, na mkindu una miiba kwenye mashina ya makuti yake. Ukikata kilele kila kinapochomoza, mti hudhoofu, ndiyo maana wanaonikatia wanasema siku hizi wanakwenda mbali kuliko zamani. Mimi siendi, nanunua matita. Halafu ni kuanika ukindu mpaka uwe mweupe, na mvua ikiuwahi unaota koga, tita zima likawa la kuwashia moto. Rangi nazo zinanunuliwa, kila moja na sufuria yake na mkaa wake, kisha kuanika upya. Zambarau isiyochemka ikashika, mgeni huondoka nayo kwenye kanzu yake nyeupe, na lawama hurudi kwa msukaji. Basi, majani yamekwisha.

Linaloniudhi hasa ni lile linalofuata, wakishaona la majani limewashinda: "Lakini wewe si unasuka huku unapiga soga?"

Ndiyo, nasuka huku napiga soga. Ukili, ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, ukiwa mweupe wa kawaida mikono inajiendea yenyewe, umeme ukikatika nasuka gizani na hakuna anayejua. Lakini ukitaka maua, au zile kete nyekundu na nyeusi zinazopishana, kila chane, yaani kila ukanda wa jani lililochanwa, ina zamu yake ya kupita juu na zamu ya kupita chini, na ukikosea moja hulioni kosa mpaka umeshakwenda shibiri mbili mbele. Hapo ni kufumua. Wanaonizoea wanajua kwamba nikinyamaza ghafla katikati ya hadithi sijakasirika. Nahesabu.

Na hilo soga mnajua limetoka wapi? Mimi sina saa nane za kwenda kazini kusuka, niliyemwona nazo ni nani? Mkeka unasukwa baada ya watoto kwenda skuli na kabla ya nazi kukunwa, wakati wali unapaliwa, alasiri barazani, na kidogo baina ya magharibi na isha. Kazi iliyokatwakatwa hivyo haionekani. Mtu akipita leo ananikuta na ukili mkononi, akipita kesho ananikuta vilevile, anaondoka akidhani nimepumzika siku mbili. Fundi wa dau kule pwani huletewa mbao na mwenye chombo, misumari na pamba ya kalafati vilevile, na sijamsikia mtu akimwambia kazi iwe bure kwa kuwa mbao si zake. Yeye ni fundi. Mimi ni wifi anayesuka.

Tupige hesabu basi, kwa wanaopenda hesabu. Mkeka wa futi 4 kwa 6, ukili wa upana wa sentimita 4. Futi 4 ni kama sentimita 120, ukigawa kwa 4 unapata mistari 30. Kila mstari una futi 6, yaani pima moja. Pima 30 hizo, na sijahesabu upana unaoliwa na mshono wala upindo wa pembeni. Kwa ukili wa maua, pima mbili au tatu kwa siku ni mwendo wa mtu aliyekaa kitako kweli, hana mgonjwa wala mgeni. Ukimaliza kusuka ndipo uanze kushona. Halafu mtu anakuambia, "Nisukie tu kamkeka kadogo." Kadogo!

Sasa nielewekeni. Sikatai kutoa. Mkeka wa matanga sina bei nao: nikisikia msiba nakunja uliopo ndani napeleka, ukirudi umechanika ndiyo umerudi. Binti wa dada yangu mkeka wake wa harusi nimeuanza kabla hajachumbiwa, na mpaka leo hajui una rangi gani. Huo ndio wa kutoa. Rangi nimechagua mimi, kwa zilizonibakia. Ukubwa ni ule ambao ukili ulitosha, na utafika siku utakayofika. Mtu anayenijia na kipimo cha chumba chake, akanionyesha kwenye simu picha ya mapazia ili rangi ziendane, akanipa na tarehe, huyo ameagiza. Anataka raha zote za mteja, asiyoitaka ni moja tu, ya kufungua pochi. Tena ajabu yake, wa bure ndiye mwenye haraka. Aliyelipa huuliza mara moja, nikimwambia bado hunyamaza. Wa bure atanitumia ujumbe wa sauti asubuhi na jioni, na mkeka ukifika ataona nyekundu imezidi.

Hili la nani aamue ndilo ninalogombana nalo, kuliko hata pesa. Nikikupa mkeka wangu kwa hiari yangu, nimekupa. Ukinipangia nikupe nini, lini na kwa upana gani, umeniajiri bila mshahara, na kwa kuwa ni ndugu huwezi hata kunifukuza kazi wala mimi kuacha.

"Undugu ni kufaana," wananijibu. Mimi nakubali bila ubishi. Wazee wetu walisukiana kwa kikoa, leo tunakaa kwako tunasuka wako, wiki ijayo kwangu. Hakuna aliyetoa shilingi na hakuna aliyekula bure, maana kila mmoja alijua zamu ya nani imefika. Wanaonikumbusha mambo ya wazee huwa wameikumbuka siku ya kwao tu. Wifi yangu huyu wa "majani tu" ana cherehani, na madera yangu yote nimeshonewa kwa fundi wa mtaani, kwa pesa. Sijamwomba, na sijaona akijitolea.

Kuna na wale wa "nitakutangazia." Ahsante, lakini anayeletwa na mkeka wa bure huja akijua kwamba mkeka ni wa bure.

Penye shaka ni hapa. Kwenye semina za vikundi tunafundishwa tuandike gharama, tuongeze saa zetu, tuongeze faida, na ndugu alipe sawa na mtu baki. Nilikaa nikapiga hesabu ya saa zangu kwa ujira wa kibarua wa ujenzi, kibarua si fundi, na bei iliyotoka hata mtalii wa Mji Mkongwe angecheka akapita. Maana yake ni kwamba anayenilipa bei yangu kamili naye nimempa sehemu ya kazi bure, ila hajui na hashukuru. Basi nikimwambia binamu kwamba lazima alipe thamani ya kazi, thamani ipi? Hakuna anayeilipa. Kwa hoja ya haki peke yake sijui mstari niuchore wapi, na sijamsikia mkufunzi hata mmoja akiligusa hili. Wanamaliza ukurasa wa faida, tunakula wali, tunapewa nauli.

Jengine, mimi nilifundishwa bure. Mama mkubwa ndiye aliyenishikisha chane, na zile nilizoziharibu zilikuwa zake, wala hakunitoza. Binti yake alipotaka mkeka nilimsukia, wa maua, sikutaja pesa na sitaitaja. Lakini binti yake ana wakwe, na wakwe wana mawifi, na wote sasa wananiita mwanetu. Deni lile linarithiwa mpaka wapi? Kila anayekuja namwamua kivyake, kwa hiyo nimeshaitwa mbaguzi katika nyumba mbili, na sina cha kujitetea.

Ninavyofanya kwa sasa ni hivi. Ndugu wa karibu anayeagiza ataleta ukindu na rangi, na atakaa nyuma ya waliolipa. Bei ya ndugu ipo, lakini naipunguza kwenye mkeka, sio kwenye mikono: ukili mpana, chane nene, mweupe na mstari mmoja wa rangi, hauna kete wala maua. Ni mkeka imara, wa kulalia na kuswalia miaka, na nauona mzuri kuliko hiyo ya picha za simu. Anayetaka maua kwa bei ya mweupe hatuelewani. Aliye mbali huko Maskati na London ajue pia kwamba mkeka uliokunjwa hauingii kwenye begi la mkononi, mzigo wake ni juu yake, na asinitumie mtu uwanja wa ndege usiku wa kuamkia safari.

Asiye na pesa aje na mikono. Kuchana hakuhitaji ufundi mwingi, ukucha tu na subira. Kushona ukili kwa ukili kunahitaji vidole vilivyokwisha kukata tamaa na sindano. Wengi wanakuja siku moja, wanaondoka wakisema wameikumbuka mikeka ya plastiki. Wachache wamerudi. Mmoja wao sasa anasuka kete safi kuliko zangu na ananichukulia wateja, na wifi zake ameshaanza kuwalalamikia kwangu.

Na kwa wanaotaka wa harusi za mwaka huu, ukindu unifikie kabla ya Machi. Masika yakishaingia siahidi weupe kwa mtu yeyote, awe wifi awe waziri.