Batavia: Meli Iliyoponzwa na Hesabu

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1629, Batavia, meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki (VOC), ilipanda mwamba kwenye visiwa vya Houtman Abrolhos, magharibi mwa Australia. Hapakuwa na tufani. Matanga yalikuwa yamejaa upepo, na baharia wa zamu aliona weupe mbele. Nahodha Ariaen Jacobsz akadhani ni mbalamwezi juu ya maji. Kumbe ni povu la mawimbi yakivunjika.

Kosa lenyewe, la kukisia meli ilipo, lilianza wiki nyingi nyuma. Awali meli za Kiholanzi zilipita pande za Madagaska na kuchukua karibu mwaka kufika Java (kisiwa cha Indonesia ya leo). Mwaka 1611 Hendrik Brouwer alijaribu njia nyingine: kutoka Rasi ya Tumaini Jema unashuka kusini kwenye pepo kali za magharibi, unakwenda mashariki maili kama 4,000, kisha unageuza omo (mbele ya chombo) kaskazini. Muda ukapungua kwa karibu nusu. Ila ukichelewa kugeuza, unakutana na Australia.

Sasa, utajuaje umefika pa kugeuzia? Latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, haikuwa tabu, jua la adhuhuri lilitosha. Longitudo, yaani umefika wapi mashariki au magharibi, ilikuwa ya kukisia, kwa dira na kasi. Mabaharia wa Kiholanzi wa karne ile walipima kasi kwa kutupa kipande cha ubao upande wa omo na kuhesabu muda kinaopita kati ya alama mbili ubavuni mwa meli. Tuseme alama zimeachana meta 20 na ubao umepita kwa sekunde 8: chombo kinakwenda maili 4.9 za baharini kwa saa. Ukihesabu 7, inakuwa 5.6. Kwa sekunde moja hiyo, siku nzima umekosea karibu maili 17. Na mkondo haumo kabisa katika hesabu, maana unachukua ubao na meli pamoja.

Batavia ilipanda maji yakiwa yamejaa, na hapo ndipo ilipokwisha. Chombo kilichokwama maji yamekupwa huweza kuinuliwa na maji yakirudi. Hiki kilizidi kukaa juu ya mwamba. Mizinga ikatupwa baharini, mlingoti mkuu ukakatwa ili kupunguza uzito, nao badala ya kuanguka majini ukaangukia sitaha. Watu kama 40 walikufa maji. Mauaji yaliyofuata visiwani yamesimuliwa sana kuliko meli yenyewe, tuyaache.

Kati ya masanduku 12 ya fedha, 10 yaliopolewa mwaka huohuo. Vitu vilivyobaki chini vikawa ni pamoja na mawe 137 yaliyochongwa tayari kwa lango la ngome ya mji wa Batavia (Jakarta ya leo, huko Java), ambayo njiani yalifanya kazi ya farumi, uzito wa chini wa kuituliza meli.

Mabaki yalitambuliwa mwaka 1963, na sehemu ya tezi (nyuma ya meli), upande wa kushoto, sasa imesimama kwenye makumbusho ya Fremantle. Hapo utaona mbao za mwaloni tabaka mbili, na nje yake msonobari mwembamba wa kuzuia viumbe wanaotoboa mbao. Msonobari huo ulipigiliwa misumari ya chuma iliyosongamana, ili kutu yake ifanye ganda gumu. Chuma hichohicho, kikikutana na salfa iliyoingia mbaoni chini ya bahari, pamoja na hewa na unyevu, hutoa tindikali inayokula mbao kutoka ndani. Ndiyo maana unyevu wa ukumbi unadhibitiwa.