Ragù ya Bologna kwenye sigiri: nyanya kidogo, muda mwingi

Nikialikwa mahali nikaambiwa leo kuna spageti bolonezi huwa najua kabisa kinachokuja, rundo la spageti, juu yake mchuzi mwekundu mwepesi, nyama ya kusaga unaitafuta kwa uma, na binzari ya kari ndani. Nakula na nashukuru, mwenye nyumba amejitahidi. Lakini kazi yangu ni kupika vyakula vya Kiitaliano hapa Kampala, kwa hiyo wacha niseme tu: ragù, yaani ule mchuzi wa nyama wa mji wa Bologna, Italia, tunaouita bolonezi, ni nyama iliyotiwa nyanya kidogo, sisi tunapika nyanya iliyotiwa nyama kidogo.

Na si mimi nimeamua. Mwandishi wa mapishi wa Kiitaliano Pellegrino Artusi alipochapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1891 aliweka makaroni ya mtindo wa Bologna, na nyanya haimo hata moja. Mwaka 1982 watu wa Accademia Italiana della Cucina, chama cha kulinda mapishi ya Kiitaliano, wakaandikisha mapishi rasmi kwenye chemba ya biashara ya Bologna, alafu wakayarekebisha Aprili 2023: nyama ya ng'ombe gramu 400, nyama ya tumbo la nguruwe gramu 150, nyanya iliyosagwa gramu 200 na kijiko kimoja cha nyanya nzito ya kopo. Piga hesabu mwenyewe, nyama inaizidi nyanya zaidi ya mara mbili.

Sasa nyama. Bucha zetu nyingi ng'ombe anachinjwa alfajiri na mchana keshauzwa, nyama haijapumzika, alafu ng'ombe wenyewe ni hawa wa Ankole wanaotembea na kula majani, nyama yao ngumu na mafuta haina sana. Watu wanalalamika, mimi nafurahi, sababu nyama ya kutafuna ndo ragù inaitaka. Usinunue fileti, ni kuchoma pesa. Omba nyama ya kifua, shingo au tumboni pale penye nyuzinyuzi, nusu kilo inatosha watu wanne, na mwambie akusagie mara moja tu isiwe uji. Zile nyuzi nyeupe ni kolajeni, zikikaa kwenye moto mdogo masaa mawili matatu zinageuka jelatini na mchuzi unakuwa mzito wenyewe, hauhitaji unga wa kukoleza.

Nyumbani kwangu Bombo nguruwe haingii na mvinyo pia hapana. Basi naomba kipande cha mafuta ya ng'ombe, nakikatakata kidogokidogo nakiyeyusha, na mahali pa mvinyo natumia supu ya mifupa. Mwitaliano ataguna, sawa, aje ale kwanza.

Kitunguu, karoti na seleri, vyote kiasi sawa, kama gramu 60 kila kimoja, katakata ndogo sana. Seleri soko la Nakasero haikosi, ukiikosa kwenu pika bila yake, lakini pilipili hoho isichukue nafasi yake. Vikaange kwa yale mafuta, moto mdogo, robo saa hivi, vilainike bila kuungua.

Nyama ikaange pembeni kwenye sufuria pana, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukiimwaga yote kwa pamoja inatoa maji inaanza kujichemsha, na maji yakiwepo joto haliwezi kupita la kuchemka, ambalo kwa mwinuko wa Kampala ni kama digrii 96, wakati nyama ili ipate ile rangi ya kahawia na harufu inataka kama 140 kwenda juu. Kwa hiyo weka kidogokidogo, acha kuikoroga kila sekunde, na tega sikio: mwanzo inabwatabwata, maji yakiisha inaanza kulia chwaaa. Hapo sasa. Rudisha kwenye mboga, tia supu kikombe, tia nyanya. Nyanya zetu fresh zina maji mengi, mimi natumia za kopo tu, vijiko viwili vya ile nzito.

Alafu moto. Sigiri ni nzuri kwa hii kazi kuliko jiko la gesi ambalo hata ukilipunguza mpaka mwisho bado linakimbia. Makaa yakishika vizuri yafunike na majivu, kama unavyoacha matooke yaive taratibu kwenye majani yake, mfuniko uache wazi kidogo, uone povu moja hapa moja pale. Kila nusu saa chungulia, ikikauka ongeza supu. Chumvi ngoja mwishoni maana mchuzi unapungua ila chumvi haipungui. Nusu saa ya mwisho tia nusu glasi ya maziwa yenye mafuta yake, yanapoza ukali wa nyanya. Presha kuka inalainisha nyama haraka, ndiyo, lakini mvuke haupati pa kutokea kwa hiyo mchuzi haukauki na ladha inabaki ya kuchemsha. Na Royco iache kabatini leo.

Bologna wenyewe wanakula na tagliatelle, zile bapa za mayai, na wako serious: tangu 1972 upana wake umewekwa rasmi kuwa milimita 8 ikishaiva, kuna hadi kielelezo cha dhahabu. Kama unajua chapati unaweza tagliatelle. Gramu 100 za ngano kwa yai moja, kanda dakika kumi, funika ipumzike nusu saa, sukuma nyembamba kuliko chapati, nyunyiza unga, kunja, kata. Dakika mbili tatu kwenye maji ya chumvi zimeiva. Ukinunua za pakiti chagua bapa, na ongeza dakika moja mbili kwa zile zilizoandikwa, Kabale huko juu ongeza zaidi sababu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi.

Usimwage mchuzi juu kama wali. Toa tambi kabla hazijalainika sana, zitie ndani ya ragù na kikombe kidogo cha maji yake, geuza dakika moja kwenye moto mpaka kila tambi ivae nyama. Jibini ya parmesan ukiwa nayo kwaruza juu, bei yake Kampala naijua kwa hiyo sikulazimishi.

Ikibaki weka friji, kesho yake ni tamu zaidi. Kwangu watoto wanaikunja kwenye chapati asubuhi na sijawahi kuwagombeza.